Kiraka cha panjani: jinsi ya kujiandaa na upasuaji wa kansa ya ngozi

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Same, na nina ualbino. Kwenye panja langu la kushoto, pale kati ya jicho na sikio, nina kiraka cha ngozi kinachotoshana na kifuniko cha soda. Kilitolewa juu kidogo ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, kikashonewa hapo baada ya kansa kuondolewa. Wateja wapya wakija kupimwa hukitazama, halafu wanajifanya wanasoma kalenda ukutani.

Tangu nipone, haupiti mwezi bila mtu kuletwa kwangu na nduguze. Mara nyingi ni mtu mwenye ualbino kama mimi, ana kidonda sikioni au mdomoni, na hospitali wameshamwambia atakatwa. Hawaji kuuliza kansa ni nini. Wanauliza: nitasikia maumivu? Nivae nini? Hiyo nyama inakwenda wapi? Sura itabaki? Ninayowajibu ndiyo haya. Si daktari mimi. Milimita na siku ninazotaja nimefundishwa na wanaonitibu, na daktari wako akisema tofauti mfuate yeye, maana ndiye aliyekiona kidonda chako.

Kipime, usingoje kikuume

Changu hakikuwahi kuniuma. Kilianza kama gamba kavu, nikalibandua, likarudi. Nikalipaka ile dawa ya zambarau karibu mwaka mzima, kila mtu akijua kwamba fundi ana "chunusi ya jua". Sisi wenye ualbino huku Afrika, kansa ya ngozi inayotupata zaidi ni ile wanayoiita skwamasi, na hupenda mahali jua linapochapa: uso, masikio, mdomo wa chini, shingo, mgongo wa kiganja. Iko nyingine, beso seli, ambayo huenda polepole na ni nadra kuhama. Skwamasi ikiachiwa muda hushuka kwenye tezi za shingo, na hapo habari inakuwa nyingine kabisa.

Kwa hiyo maumivu yasiwe kipimo chako. Kidonda kisichofunga kwa wiki nne, gamba linalorudi mahali palepale, kinundu kinachoacha damu kwenye taulo: kipeleke. Na kwa kuwa macho yetu yana shida yake, mpe mtu simu akupige picha nyuma ya masikio na kisogoni, aweke tepu pembeni. Mimi kutwa nzima nina tepu shingoni, na bado sikujipima. Daktari aliponiuliza kilikuwa na ukubwa gani mwezi wa sita, nilimwonyesha ncha ya kidole.

Ukiwahi kikiwa bado gamba, huenda hata kisu usikione. Magamba mengi hupuliziwa naitrojeni, ile ya baridi kali inayotoa moshi, au hupakwa krimu maalumu, ukarudi kazini siku hiyohiyo.

Nyama isitupwe

Hapa ndipo nilipoponzeka. Mara ya kwanza nilikatwa kwenye kituo kimoja nikiwa nimekaa kitini, nyuzi tatu, nikaambiwa imekwisha. Nikauliza ile nyama iko wapi. Ilikuwa kwenye ndoo. Miezi minane baadaye gamba likachungulia pembeni ya kovu, safari hii likiwa na mizizi.

Kansa haionekani mwisho wake kwa macho. Daktari hukata kile kinachoonekana pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka: kwa skwamasi ndogo isiyo na vitisho, milimita 4 hadi 6, kwa kubwa au iliyorudi, milimita 10 na zaidi. Fundi mwenzangu ataelewa haraka, ni kama nafasi unayoacha nje ya mstari wa chaki. Ila ukingo huo haujulikani kama umetosha mpaka mtu wa maabara ya patholojia aukate vipande vyembamba, auangalie kwa darubini, na aandike kama kingo ni safi au la. Nyama ikiishia kwenye ndoo, hakuna wa kuandika chochote.

Basi kabla hujakubali kulala mezani, uliza mambo mawili. La kwanza: mtachukua kinyama kidogo kwanza tujue ni nini? La pili: mtakachotoa chote kitakwenda maabara, na majibu nayafuata wapi, tarehe gani? Usione haya kuuliza. Mimi siku hizi huomba na kuiona chupa, nisomewe jina langu lililoandikwa juu yake, maana mwenyewe siwezi kulisoma. Wakikukabidhi wewe uipeleke maabara, usimwage yale maji yaliyomo. Hiyo ni fomalini, ndiyo inayohifadhi nyama. Kuna mzee nilikutana naye kwenye benchi aliyamwaga akidhani ni maji machafu, akajaza ya bomba.

Kuhusu fedha sitasema mengi kwa sababu bei hutofautiana. Kama una bima, uliza mapema inagharimia nini, na kipimo cha maabara usikisahau. Kama huna uwezo, pitia kwa mtendaji upate barua, kisha uende nayo ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya upasuaji. Baada ya upasuaji mlango huo huwa mzito.

Siku chache kabla

Vaa blauzi au shati la vifungo mbele. Hilo nalisema kwa herufi kubwa kila mara na bado watu wanakwenda na fulana za shingo nyembamba, halafu jioni wanahangaika kuzivua zikipita juu ya bendeji. Mwanamke anayetaka joho au gauni, niletee nikutilie vifungo.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko mmoja uende nazo, pamoja na za kienyeji. Sema kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kufanya damu iwe nyepesi, kama una sukari au presha, kama uliwahi kudhurika na dawa ya ganzi kwa daktari wa meno. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Sigara na ugoro viache, na hata baadaye kaa navyo mbali kwa wiki kadhaa, kwa sababu hubana vile vijishipa vinavyotakiwa kulisha ngozi iliyoshonwa. Osha nywele, usipake mafuta, na usijinyoe kwa wembe karibu na kidonda. Wakihitaji kunyoa watanyoa wao.

Ukiambiwa ni ganzi tu, kula kifungua kinywa chako. Ukiambiwa ni nusu kaputi, funga kuanzia saa utakayopangiwa, na chai ya maziwa ni chakula, usijidanganye.

Usiende peke yako. Mimi nilikwenda na mama mdogo, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza, maana ukishatoka thieta maneno ya daktari yanakupita kama redio ya jirani. Tena kuna hili la basi. Kutoka Same kwenda Moshi asubuhi jua linapiga kulia, na kurudi jioni linapiga kulia tena. Kaa kushoto kwenda na kurudi. Nimeufanyia kazi utafiti huo miaka mingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu.

Mezani

Daktari alianza kwa kuchora. Kalamu ya wino wa zambarau, mviringo wa kwanza kuzunguka kidonda, wa pili nje yake. Nikamwambia, "Daktari, hapo umeacha nafasi ya mshono." Akacheka, akasema, "Na wewe ungekata wapi?" Nikamwachia.

Kabla ya sindano alinitahadharisha juu ya neva inayopita panjani, ile inayonyanyua nyusi. Ikiguswa, nyusi inaweza kulala kwa miezi, au isiamke tena. Kila mahali usoni pana hatari yake: kope inaweza kuvutwa chini, mdomo unaweza kupungua, pua inaweza kubanwa. Uliza ya mahali pako ni ipi kabla hujaweka saini, si baada.

Sindano ya ganzi inachoma, tusidanganyane. Inachoma kama pilipili kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano, kisha panakuwa pazito kama si pako. Mara nyingi ganzi huchanganywa na adrenalini ili damu isitoke sana, kwa hiyo moyo unaweza kwenda mbio kidogo. Waambie, halafu pumua taratibu. Baada ya hapo utasikia kuvutwa, kusukumwa, vyuma kugongana, lakini si ukali wa kisu. Ukisikia ukali, sema, wataongeza. Nilichokuwa sikukitegemea ni harufu: wanapochoma vijishipa kwa umeme kuzuia damu, inanuka kama nywele zilizopitiwa na pasi ya mkaa. Ni wewe huyo unayenuka. Inapita.

Nyama ilipotoka, daktari aliifunga uzi mmoja upande wa juu. Hiyo ni alama kwa mtu wa maabara, ajue juu ni wapi. Kingo zote huelezwa kwa saa ya ukutani, na uzi ndio pale mshale unapoelekea juu kabisa.

Majibu kabla ya kiraka

Sikushonwa siku hiyo. Kwa kuwa kansa yangu ilikuwa imerudi, waliacha shimo, wakalifunika kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, yenye vaselini na bendeji, wakasema tusubiri karatasi. Watu nyumbani walihamaki: mtu anaachwaje na shimo usoni? Mimi nililielewa jambo hilo kuliko wote. Hakuna fundi anayebandika kiraka kwenye nguo ambayo bado ina nondo. Kwa wengine wengi, hasa kidonda kidogo cha mara ya kwanza, wanakata na kushona papo hapo, na hakuna ubaya.

Siku ya kumi na mbili majibu yalitoka: kingo zote safi isipokuwa ya saa tatu. Nikashika upande wa jicho, nikaanza kulia, nikijua jicho linakwenda. Daktari akashangaa. Kumbe yeye anasoma saa ya Kizungu, mshale kwenye 3, yaani upande wa sikio; mimi nimehesabu saa tatu ya kwetu, mshale kwenye 9. Ukipewa majibu ya saa, mwambie daktari aweke kidole.

Wakakata tena kaupande hako ka sikio, wakapeleka maabara tena, na karatasi ya pili ikaja safi. Zipo nchi ambako kazi hii yote hufanyika kwa siku moja: wanakata utando mwembamba, wanautazama kwa darubini wewe ukiwa umekaa hapo nje, wakikuta mabaki wanarudia mahali palepale tu. Inaitwa upasuaji wa Mohs, kwa jina la Frederic Mohs, daktari wa Wisconsin, Marekani, aliyeuanzisha miaka ya 1930. Sisi tunasubiri karatasi. Na kama kingo hazikuweza kusafishwa, au tezi zimeshavimba, utaelekezwa kwenye mionzi, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam au Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukiandikiwa, nenda, usikae na barua chini ya godoro.

Kuziba shimo

Ziko njia nne, na daktari anayejali atakueleza kwa nini amechagua moja.

Shimo dogo huvutwa pande mbili likashonwa. Watakata umbo la samaki, refu kama mara tatu ya upana wake, kwa hiyo shimo la sentimita 2 hukuachia mstari wa sentimita 6. Watu hulalamika kwamba wamekatwa zaidi ya kidonda. Ni lazima, kwa sababu ukishona duara moja kwa moja ncha zake huvimba, kama kikunjo cha kiunoni usichokimalizia kwa ncha kali.

Sehemu nyingine, mfano kwenye kisogo au panja lenyewe, shimo linaweza kuachwa lijijaze lenyewe kwa wiki kadhaa.

Njia ya tatu ni kugeuza ngozi ya jirani bila kuikata shina lake, ije na damu yake. Hiyo hufaa sana pua na shavu kwa sababu rangi na unene vinafanana. Kitanda cha pili kutoka kwangu alikuwapo binti aliyejengewa ncha ya pua kwa ngozi ya paji la uso. Kwa wiki tatu alikuwa na kama mkonga mwembamba ukishuka kati ya nyusi, ukiilisha ile ngozi mpya. Wageni walikuwa wakigeuza nyuso. Siku ulipokatwa mkonga, alibaki na pua.

Ya nne ni kiraka, yangu. Kiraka cha uso hutolewa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kikiwa na unene wake wote, na pale kilipotoka panashonwa. Kiraka kikubwa hukwanguliwa pajani kikiwa chembamba, na paja huachwa lipone lenyewe kwa wiki mbili hivi. Waliopitia hilo wote watakwambia paja ndilo liliwaliza, si kidonda. Kwetu sisi huchagua ngozi ambayo nguo imeificha jua tangu utotoni.

Siku tano ambazo hupaswi kufanya lolote

Kiraka kinafika kidondani bila mshipa hata mmoja. Siku mbili za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake, halafu vijishipa vinaanza kugusana na kuungana, na kwenye siku ya tano damu inapita. Kikisogea hata kidogo, au damu ikijikusanya chini yake ikakinyanyua, kinakufa. Ndiyo maana wanakitoboa matundu madogo ya kutolea maji, na juu yake wanakandamiza furushi la gozi na kulifunga kwa nyuzi zilezile za ukingoni. Kwangu lilionekana kama kifungo cha koti kilichovimba.

Furushi hilo hukaa siku 5 hadi 7. Usiliguse, usililoweshe, usichungulie. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili na upande wa pili. Usiiname kuwasha moto, usinyanyue ndoo, usibebe mtoto. Mimi nilikatazwa hata cherehani, kwa sababu kuinamia sindano kunajaza damu usoni, na hiyo ndiyo iliyonishinda zaidi: nguo za kipaimara zilikuwa kumi na moja mezani.

Siku ya pili jicho langu lilivimba likafunga kabisa. Nilidhani wameharibu. Ni kawaida kwa upasuaji wa panjani, uvimbe unashuka kwenye kope, na siku ya nne niliona. Bendeji ikilowa damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 mfululizo ukifuata saa, bila kuinua kutazama. Isipokoma, nenda. Vilevile nenda ukiona usaha, harufu, homa, au maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua. Paracetamol inatosha kwa wengi. Majivu, asali na dawa ya zambarau viache kabatini.

Furushi lilipotolewa nilimwomba sista kioo. Kiraka kilikuwa cha rangi ya bilinganya. "Imekufa," nikasema. Sista akakibonyeza kwa ncha ya pamba, akasema, "Ngoja." Baada ya wiki kikawa cha waridi. Gamba jeusi la juu likitokea, linaweza kuwa ni utando wa juu tu, chini kuna uhai, kwa hiyo usilibandue. Nyuzi za uso hutolewa siku ya 5 hadi 7, za mkono na mguu hungoja mpaka 10 au 14.

Baada ya nyuzi

Kidonda kikishafunga kabisa, wiki ya tatu au ya nne, paka vaselini ukisugua taratibu kwa kidole mara mbili kwa siku, kovu lilainike. Kiraka kitakuwa na ganzi kwa miezi. Mimi nzi akitua sijui.

Jua ndilo lililokuleta hapa, na kovu jipya halina ngozi ya kupambana nalo. Kofia ya ukingo mpana sentimita 7 au zaidi, mikono mirefu, na losheni kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, maalumu kwa watu wenye ualbino. Uliza kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe. Kupaka losheni si ruhusa ya kusimama sokoni saa saba mchana, nalisema hili kwa wauza mitumba.

Kliniki nilipangiwa kila miezi mitatu. Katikati yake, kila tarehe mosi, napapasa mbele ya sikio, chini ya taya na pande zote za shingo, nikitafuta kipele kigumu kisichouma. Mama mdogo anakagua kisogo.

Jambo moja hakuna aliyenikumbusha: miwani. Mkono wa kushoto wa miwani yangu unapita juu ya kiraka barabara, na bila miwani siwezi kutunga uzi. Nikafungua ile skrubu, nikautoa, nikashonea utepe wa mpira uliozunguka kisogoni chini ya kiraka ukaishia mkono wa kulia. Nilivaa hivyo wiki sita. Ulipochakaa nikashona wa pili, wenye maua.